Wavuvi wa Kigamboni wanaona kabla yetu, mbona hatuwaiti kwenye kikao cha ulinzi?

Jumapili tumekaa tena kikao cha ulinzi pale ofisi ya serikali ya mtaa, viti vya plastiki chini ya mwarobaini, na waliofika ni walewale, wenye nyumba. Wapangaji labda wanne. Bodaboda hakuna. Mvuvi hakuna hata mmoja, na pwani tunaiona kutoka pale tulipokaa, ngalawa zimelazwa mchangani tunazihesabu. Tumeongea zaidi ya saa mbili kuhusu pampu za visima zinazoibiwa, kuhusu vibaka wanaokaa kwenye mapagale, kuhusu mchango upande kutoka elfu tano uwe elfu kumi, nikatoka pale moyo umenijaa nikasema hili nitaliandika.

Mi nimehamia Kigamboni kabla daraja halijafunguliwa, yani kabla ya Aprili 2016, enzi ambazo kwenda mjini ni pantoni tu au uzunguke Kongowe ukatokee Mbagala. Wizi ulikuwepo ila mwizi alikuwa na kazi, maana akibeba tv usiku atavuka nayo vipi, atapanda nayo pantoni alfajiri mbele ya watu wote wanaomjua? Na watu walikuwa wanajuana kweli. Ukipita na mgeni unaulizwa huyu nani, unajibu mdogo wangu katoka Tanga, basi kesho yake mtaa mzima unamsalimia. Sa hivi barabara zipo, daraja lipo, viwanja vimepanda bei, watu wamenunua wengi na wamejenga, hilo ni jema kabisa, ila kitu cha kwanza kila mtu anachojenga ni ukuta, nyumba yenyewe inafuata. Unaishi na mtu miaka mitatu ukuta kwa ukuta hujui anaitwa nani, unajua gari lake tu.

Af kuna mapagale. Mtu anapandisha kuta mpaka lenta, hela inaisha au anahamishwa mkoa, anaondoka, nyasi zinaota mpaka dirishani. Mtaani kwetu tu naweza kukuhesabia saba. Hayana mwangalizi, hayana taa, na mwenyewe ukimpigia anasema nitakuja mwezi ujao, mwaka wa nne huu.

Sasa nieleze kilichotokea mwezi wa tatu maana ndo kilichonibadilisha mawazo. Saa nane usiku filimbi inalia, mbwa wote wanabweka, tunatoka na tochi. Vijana wa ulinzi shirikishi wamemkuta kijana kwenye pagale moja, kalala juu ya kiroba, hana kitambulisho, lafudhi ya bara, anaulizwa unakaa kwa nani anababaika. Usiku uleule jirani kaibiwa pampu ya kisima. Basi watu hawakutaka kusikia zaidi ya hapo. Kuna aliyeshika tofali, kuna mtu mzima kabisa ninayemheshimu alikuwa anauliza petroli iko wapi, nimesikia kwa masikio yangu. Mi nilikuwa napiga 112 ya polisi mikono inatetemeka.

Aliyemuokoa yule mtoto ni mzee mmoja mvuvi wa dagaa. Zilikuwa siku za giza, mwezi hakuna, na dagaa wanavuliwa kwa taa kwenye giza kwa hiyo wavuvi wote wako macho muda huo. Kasikia kelele kapanda kutoka pwani, suruali imeloa mpaka magotini, kasukuma watu kaingia katikati kasema huyu ni baharia wangu, amekuja juzi kutoka Morogoro, hana pa kulala, mi ndo nilimwambia ajibanze humo mpaka tupate chumba. Kimya. Watu wakaanza kuangalia chini.

Af akasema neno ambalo sijalisahau mpaka leo. Alisema mnaowatafuta niliwaona mimi, watu wawili na toroli wanapita mchangani wanaelekea upande wa kule, kitu kimefunikwa shuka. Mtu akamkaripia, sasa mzee mbona hukusema? Akajibu bila hasira, "Ningemwambia nani, mwanangu? Namba ya nani ninayo mimi?"

Kweli, nani? Grupu letu la WhatsApp lina watu zaidi ya mia mbili na yule mzee hayumo, na simu yake ni kitochi hata ukimuweka haitaingia. Kamati haimjui. Sisi tunalipa walinzi wakae getini wanaangalia barabara, wakati mtu aliyekaa mita mia kutoka kwenye kuta zetu akiangalia upande ambao hatuuangalii kabisa, usiku kucha, bure, kwa sababu ndo kazi yake, hatujawahi kumpa hata salamu ya maana. Kibaya zaidi tumemuweka kwenye kundi la washukiwa. Kwenye kikao ukisikia "wale wa pwani" ujue haziongelewi sifa.

Nirudi kidogo kwenye lile la tofali na petroli maana silipiti juu juu. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inamruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Inaishia hapo. Ukimpiga akafa hiyo ni kesi ya mauaji, hata kama kweli aliiba, na hata kama mlikuwa hamsini. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kwenye ripoti zake wanaandika habari hizi za kujichukulia sheria mkononi mwaka baada ya mwaka na bado tunaendelea kama hatusikii. Yule kijana hakuwa ameiba kitu. Sasa hivi angekuwa kaburini na sisi tungekuwa tunaulizana nani alianza.

Najua watu wanaogopa, na mi naogopa. Waliokuwepo Dar Januari 2015 wanakumbuka ile jioni watu walivyokimbia ovyo na maduka kufungwa kwa jina tu la Panya Road, yale magenge ya vijana waporaji, af 2022 wakarudi na mapanga, wanaingia nyumba hadi nyumba, watu wakaumizwa na wengine wakauawa. Hofu ile haijatoka. Ila hofu ikikutana na watu wasiojuana ndo inazaa kama ya ule usiku, kila sura ngeni inakuwa panya road.

Hii habari ya kulindana wala sio ngeni kwetu. Nyumba kumi zilianza enzi za chama cha TANU miaka ya sitini, kila nyumba kumi zina kiongozi wake, balozi, na balozi anajua nani kalala nyumba gani. Wakenya baada ya shambulio la kigaidi la Westgate 2013 waliichukua na jina lake lilelile, Nyumba Kumi. Sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini, walianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya themanini kwa sababu ya wezi wa ng'ombe, sheria ikawatambua 1989, Mrema akiwa waziri wa mambo ya ndani akawasukuma mpaka mijini. Af akaja mkuu wa polisi, IGP Mwema, kuanzia 2006 na polisi jamii, ndo tukapata hili neno ulinzi shirikishi. Kwa hiyo mifumo tumekuwa nayo. Tatizo la nyumba kumi kwa maoni yangu ni kwamba balozi ni cheo cha chama, na vyama vingi viliporudi 1992 kikabaki cha chama, na mtu wa chama kingine hataenda kumwambia balozi siri za nyumbani kwake, tusidanganyane. Ndo maana mi naona kazi hii ikae serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti na mtendaji, na daftari la wakazi lijazwe kweli, sio linafunguliwa mtu akihitaji barua ya utambulisho tu.

Sasa wavuvi. Hawa tayari wana utaratibu kutuzidi sisi. Kuna BMU, vile vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari ambavyo vinatambuliwa na sheria ya uvuvi ya 2003, vina viongozi wake, na pale mwaloni wanajua chombo cha nani kimetoka na cha nani ni kigeni. Tuliokaa huku muda mrefu tunakumbuka milipuko ya baruti baharini asubuhi, unasikia dirisha linatikisika, miamba inasagwa na samaki wanakufa hovyo. Sikuizi imepungua sana. Doria za serikali zimefanya kazi yake, siwezi kukataa, ila naamini kabisa bila wavuvi wenyewe kuchoka na kutaja nani anatengeneza mabomu boti za doria zingezunguka bure. Watu waliojua kutunza bahari nzima hivo tunashindwaje kuwaita kwenye kikao cha pampu?

Na bodaboda pia, na mama anayekaanga samaki pale njia panda mpaka saa tano usiku. Yule mama anajua gari lipi limepita mara tatu na halina shughuli.

Hela nayo ina lake. Elfu kumi sina shida nayo kama itaenda panapoonekana. Mchango uwe na stakabadhi, matumizi yabandikwe ubaoni ofisini kila mwezi, vijana wa ulinzi wapelekwe kituo cha polisi waandikwe na wafundishwe namna ya kukamata bila kupiga, wapewe tochi na filimbi nzuri na makoti ya kuakisi. Taa mbili za sola zikae kwenye ile njia ya kushukia pwani, sio getini kwa mtu. Na wenye mapagale walazimishwe kufyeka, hilo halmashauri wanaliweza wakiamua.

Grupu liendelee, ila hii tabia ya kurusha picha ya mtu na kuandika "mjihadhari na huyu" bila ushahidi ikome, wiki iliyopita tu imerushwa ya kijana ambaye kumbe ni fundi bomba kaitwa na mama wa nyumba ya pili.

Pampu haikupatikana. Yule kijana wa Morogoro bado yuko, kapata chumba, anavua. Jana jioni nimeshuka pwani nimemkuta mzee anashona nyavu, nikamwamkia, nikakaa naye kidogo kwenye gogo, nimemwandikia namba yangu na ya mwenyekiti kwenye karatasi kwa maandishi makubwa maana macho yake sio mazuri kwa karibu. Mwenyekiti nimempigia usiku uleule nikamwambia kikao kijacho kisiwe Jumapili saa nne, muda huo wavuvi wanauza samaki au wamelala, kiwe alasiri na kifanyike kule mwaloni. Ameniambia atalifikisha kwenye kamati. Nimemwambia ntamkumbusha Ijumaa, na nitamkumbusha.