Karindula, kompyuta na jina la mwenye wimbo

Mjini Lubumbashi siku hizi si kazi kumpata kijana aliyechukua wimbo wa kilio wa Kiluba, akauwekea besi na mapigo ya kompyuta, kisha akausambaza kwa simu. Wala si kazi kumpata mzee wa Katuba, mtaa wa mji huo, aliyeusikia wimbo huohuo akanuna. Mzee anasema wimbo umevuliwa nguo hadharani. Kijana anajibu kwamba ameuokoa, maana wanaoujua wanazidi kuzikwa nao. Wote wawili wanaupenda wimbo, ndiyo maana ugomvi wao hauishi. Mimi nasimama karibu zaidi na kijana, lakini si kwa sababu anazozitoa yeye, na kuna mahali ambapo naona mzee ana haki kabisa.

Tuanze na mji wenyewe, kwa sababu hoja ya kulinda muziki usiochanganyika ina msingi mwembamba hapa kwetu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, mji ukaanza 1910, na shaba ikavuta watu kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, kutoka Rwanda na kwingineko. Kambini Mluba alilala ukuta mmoja na Mbemba, Msanga akapanga foleni ya posho na Mlamba. Ngoma ya mmoja ilisikika kwa mwenzake, watoto wakaziiga zote, na Kiswahili kikawa lugha ya kuzichanganya. Anayetafuta Lubumbashi muziki ambao haujaguswa na mkono wa jirani atatafuta sana.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni gitaa la Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Bayeke, kabila mojawapo la Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine zake za kurekodi, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akamrekodi akipiga Masanga. Usikilize wimbo huo huku ukifuatilia vidole tu. Gumba linashika nyuzi nene na kwenda mwendo wake bila haraka. Kidole cha shahada kinaruka kwenye nyuzi nyembamba kwa mwendo mwingine, kikichelewa kidogo, kikiwahi kidogo, na masikio yanakuambia wapo watu wawili. Kugawanya sauti namna hiyo si jambo ambalo wapiga likembe, chombo kidogo cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba, walianza kujifunza jana. Gitaa lilitoka ng'ambo, Kiswahili cha nyimbo zake kilikuwa cha mjini, na ustadi wa vidole ulikuwa wa huku. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani, mbele ya watu ambao hawakujua Likasi iko wapi. Leo wazee wetu wanamtaja kama urithi wa kulindwa dhidi ya wasanii wa kompyuta. Mwaka 1952 huo muziki ulikuwa kitu kipya cha vijana wa mjini.

Karindula ni mfano wa karibu zaidi, kwa kuwa ungali unapigwa mitaani. Chombo chenyewe ni kama banjo ya majitu: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi iliyowambwa mdomoni mwa pipa, ubao mrefu wa shingo, nyuzi nne, na mfuko wa maziwa ya unga ambao nao una kazi yake katika kuunda sauti. Pipa lilikuja na viwanda na magari, maziwa yalikuja na maduka. Hakuna anayeuita huo muziki wa kigeni. Ukipigwa kwenye kiwanja cha mtaa, watu wa rika zote wanatoka kwenye parseli zao, yaani nyumbani kwao. Upande wa pili wa mpaka, Zambia, ndugu yake kalindula alipita njia nyingine: mwishoni mwa miaka ya 1970 Rais Kenneth Kaunda aliagiza redio ipige kwa sehemu kubwa kabisa muziki wa nyumbani, bendi zikachukua magitaa ya umeme, na kalindula ikaingia studio. Kwetu ilibaki zaidi kwenye vumbi, hadi lebo ya Ubelgiji, Crammed Discs, ilipotoa mwaka 2011 rekodi za makundi ya karindula zilizofanywa hapahapa Lubumbashi. Njia mbili, na sithubutu kusema mmoja wa ndugu hawa ni wa kweli na mwingine ni wa bandia.

Basi mzee amekosea? Hapana. Amekosea anapolaumu mchanganyiko wenyewe, lakini kuna kitu anakisikia ambacho kijana hakisikii, na kinafaa kuelezwa kwa utulivu.

Chukua madimba, yaani marimba, ya Kiluba. Chini ya kila ubao kinaning'inia kibuyu chenye tundu dogo lililozibwa kwa utando mwembamba, mara nyingi wa buibui. Ubao ukipigwa, utando unavuma, na sauti inatoka na mkwaruzo kama wa nyuki. Likembe nayo hufungwa vipete vya waya kwenye vyuma vyake kwa kusudi hilohilo. Fundi wa studio aliyejifunza kazi kwa kurekodi kwaya na gitaa anauona mkwaruzo huo kama kasoro, anausafisha. Kinachobaki ni sauti tamu ya kengele, inayoweza kuwekwa kwenye tangazo la sabuni bila mtu kushtuka. Mzee akiisikia anasema "si yenyewe", na hana maneno ya kiufundi ya kumwambia fundi kilichokosekana ni nini.

Jambo la pili ni upangaji wa sauti. Madimba ya zamani hayakupangwa kufuata kinanda. Kila fundi alisikiliza seti ya bwana wake au ya kijiji chake na kuchonga kwa kuifuata, na umbali kati ya ubao na ubao haulingani na ule wa funguo za piano. Tracey alizipima tofauti hizo chombo kwa chombo kwa uma zake za chuma za kutolea sauti. Siku kinanda kinapoingia kwenye kundi, mmoja lazima amfuate mwingine, na kinanda hakichongeki. Mbao zinachongwa upya. Baada ya miaka michache hakuna tena anayekumbuka seti ya zamani ililiaje, na pale ambapo hakuna aliyeiandika, hasara hiyo hairudi.

Tatu ni mwendo. Programu ya kutengenezea muziki ina miraba, na kwa kubofya mara moja kila pigo linavutwa hadi kwenye mraba wake. Ngoma za huku zinaishi kwenye pengo dogo kati ya mraba na mraba. Hapo ndipo kiuno kinapojua la kufanya. Ukiyavuta mapigo yote kwenye mstari, unapata kitu kinachofaa klabu ya mji wowote duniani. Kijana anayebofya hajalazimishwa na programu, maana kuna njia ya kuacha mapigo yalivyochezwa. Ila lazima kwanza asikie kwamba kuna kitu cha kuacha.

Kwa hiyo kama nilivyosema, sioni mashine kuwa adui. Kundi la Konono N°1 la Kinshasa walithibitisha hilo kuliko hotuba yoyote. Mwasisi wao, Mingiedi Mawangu, alitaka likembe yake isikike juu ya kelele za mji, akaunda vipaza sauti kwa sumaku za vipuri vya magari vilivyochakaa. Vifaa hivyo vilikwaruza vibaya sana, na mkwaruzo ukakutana na ule ambao likembe ilikuwa nao tangu zamani. Albamu yao ya 2004, iliyotolewa na Crammed Discs haohao, ilisikilizwa na watu wa roki na wa muziki wa elektroniki waliodhani wamegundua kitu cha kesho. Umeme haukuua asili pale, uliikuza. Tofauti yao na studio niliyoitaja ni kwamba kwa Konono sikio lililoamua lilikuwa la mpiga likembe.

Sasa soko la nje. Mwaka 1987 watu wa lebo ndogo za Uingereza walikutana kwenye baa moja London wakakubaliana jina la kuwekea rafu moja kila muziki uliokuwa hauna pa kuwekwa madukani: "world music". Rafu ilisaidia, tusiwanyime haki yao, kwani wasanii wengi wa Afrika walipata visa, matamasha na mauzo kwa ajili yake. Lakini rafu moja kwa mabara matatu ina masharti yake. Mnunuzi wa kule anataka msanii awe wa kijiji kiasi cha kutosha, na msanii anajifunza haraka kuvaa raffia ambayo hata babu yake hakuivaa. Mwaka 2020 waandaaji wa Grammy walilibadili jina la tuzo yao wakaondoa maneno hayo, kwa kuwa lawama zilikuwa zimezidi. Jina limebadilika, ila matarajio ya wanunuzi hayabadiliki kwa tangazo.

Hapa namkumbuka Baloji, msanii wa rap aliyezaliwa Lubumbashi 1978 na kukulia Ubelgiji. Aliporudi kurekodi Congo aliuchukua wimbo wa uhuru wa mwimbaji Grand Kallé na bendi yake African Jazz, ule uliotungwa Brussels 1960 wakati wa mazungumzo ya uhuru wa Congo yaliyoitwa Meza ya Mviringo, akauundia wa kwake na kuuita kwa Kifaransa na Kiswahili pamoja: Le jour d'après, Siku ya Baadaye. Kuna waliosema mtoto wa Ulaya hana haki na wimbo ule. Kwangu huo ni mchanganyiko wa heshima kuliko mingi iliyotoka mikononi mwa waliobaki, kwa kuwa hakuutumia kama pambo. Aliuuliza wimbo swali ambalo kizazi chake kinalo: baada ya sherehe, kilifuata nini?

Wanaodai kuhifadhi nao wana historia ya kujibia. Baada ya 1971, Katanga ilipoitwa Shaba na utawala wa Mobutu ukahubiri kurudi kwenye asili, ngoma za vijiji zilipandishwa majukwaani kwa wingi usiopata kuonekana. Watu wa umri wa wazazi wangu wanazikumbuka: mapigo yaleyale, mavazi yaleyale, na maneno yaliyogeuzwa kumsifu kiongozi na chama. Nyimbo zile zilikuwa za kiasili kwa kila kipimo cha nje, na zilikuwa zimetekwa. Anayedhani wimbo uko salama maadamu haujaguswa na kompyuta aikumbuke miaka ile.

Kinachoniuma zaidi ya sauti ni jina. Mwaka 1958 zilirekodiwa nyimbo za misa kwa mitindo ya Kiluba, Missa Luba, zilizoimbwa na vijana na walimu wa Kamina chini ya Padri Guido Haazen, Mbelgiji. Zilizunguka dunia nzima. Sehemu kubwa ya uzuri wake ilitoka kwa waimbaji wenyewe, waliojaza sauti papohapo bila karatasi ya nota, juu ya tuni za kwao. Jina linalojulikana duniani ni la padri. Simshutumu kwa nia mbaya. Bila yeye huenda kwaya ile isingekuwepo. Lakini hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda: mwenye karatasi anaitwa mwandishi, na waliobaki wanaitwa kwaya.

Na leo vijana wetu wanalirudia kosa hilo nyumbani. Kwenye nafasi ya mtunzi wanaandika "ya kiasili", na hapo mtu fulani anafutwa. Wakati mwingine kweli hakuna anayejua mtunzi. Mara nyingi, hata hivyo, wimbo una mwimbaji hai, mama wa makamo wa Kenya au Kampemba, mitaa ya hapa Lubumbashi, anayealikwa kwenye vilio kwa sababu anajua kuunganisha jina la marehemu na ukoo wake ndani ya kasala, utenzi wa sifa wa Kiluba. Beti alizoimba usiku ule alizitunga yeye. Tuna sheria ya haki za waandishi tangu 1986, tuna SOCODA iliyoundwa 2011 kukusanya haki hizo, na udhaifu wa ukusanyaji kila msanii anaujua. Hata hivyo, kuandika jina hakungoji ofisi. Andika jina la mama, lugha, na mahali ulipomrekodia. Mkubaliane fungu lake kabla ya kurekodi, kwa sababu baada ya wimbo kupendwa mazungumzo yanakuwa magumu. Wanaosema hakuna pesa ya kugawana wana hoja, maana nyimbo nyingi hazirudishi hata gharama za umeme. Lakini jina halina gharama, na siku pesa itakapokuja, jina ndilo litakaloamua inakwenda wapi.

Kuhifadhi nako kunahitaji zaidi ya hasira. Rekodi nyingi za Tracey ziko Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha 1954, na kijana wa Ruashi, mtaa mwingine wa hapa, anayetaka kusikia jinsi mababu zake walivyopiga anapaswa kutafuta huko. Mzee anayelalamika kwamba vijana hawajui angesaidia sana kwa kukaa na mmoja wao alasiri nzima, simu ikirekodi, mkwaruzo ukiachwa.

Kuna mahali pamoja ambapo sipimi pande mbili. Nyimbo za mukanda, za jando la Watshokwe na majirani zao, zina mipaka ya nani anazisikia na lini, na kuzipata kwa siri kisha kuziweka juu ya mapigo ya klabu ni wizi hata kama sauti imerekodiwa vizuri. Yapo mambo ya makishi, wachezaji wavaa vinyago, yanayochezwa hadharani, watoto na wanawake wakitazama, na hayo hakuna anayeyaficha. Msanii anayetaka kujua yapi ni ya hadhara na yapi si ya hadhara hana haja ya kubahatisha, kwani wanaojua wapo, wengine ni majirani zake hapahapa mjini, na wakiulizwa kwa adabu wanajibu.