Boksi halimzuii nyoka kukua

Kuna kauli moja inanichosha kwa wafugaji wa nyoka wa mahindi (corn snake, nyoka asiye na sumu anayefugwa nyumbani), ile ya kwamba eti nyoka anakua kufuata boksi lake, ukimweka padogo na yeye anabaki mdogo. Jamani hapana! Nyoka anakua kwa chakula, kwa joto na kwa damu ya wazazi wake, boksi halina kauli hapo. Ukimbana ataendelea kukua hivohivo, ila ananenepa tu bila misuli. Na siwacheki wanaoamini maana hata mi niliamini, wangu anaitwa Mkanda, alikaa mwaka na ushee kwenye kontena la plastiki la kuwekea nguo huku najiambia aah, bado mtoto.

Mtoto gani sasa. Wanatoka kwenye yai wana sm 20 mpaka 30 hivi, wembamba kuliko penseli, gramu chache tu, halafu ukimpa vitoto vya panya kila baada ya siku 5 mpaka 7, mwaka haujaisha unakuta urefu ushajirudia mara mbili. Kasi inaenda hivo mpaka kwenye miaka 2 au 3 ndo inapoa, wengi wanaishia kati ya sm 90 na 150, na anaweza kukaa na wewe miaka 15 au 20. Yaani kale kaudogo tunakokanunulia boksi ni kipande kifupi mno cha maisha yake.

Kumpima urefu mi nishaacha, nyoka hanyooki kwa kuambiwa nyooka. Namweka kwenye kiboksi chenye kifuniko juu ya mzani wa jikoni, naandika gramu, basi. Na msipime gamba alilojivua, lile linavutika likitoka, linakuwa refu kuliko mwenyewe, watu wanatamba na nyoka mrefu kumbe wanatamba na ngozi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nibadili mawazo, maana haikuwa urefu, ilikuwa joto. Nyoka hana hita mwilini, akitaka kusaga chakula anaenda penye joto, akitosheka anaenda penye ubaridi, kwa hiyo anahitaji upande mmoja uwe nyuzi 29 au 30 hivi na ule mwingine 23 au 24. Kwenye lile kontena niliweka kipimajoto kila upande nikakuta vinasoma karibu sawa, joto limejaa kote, na Mkanda kajibana kwenye kona ya mbali amepachika pua kwenye plastiki kama anatafuta tundu. Nilikuwa namuona kila usiku anasugua pua pale, nikawa nasema kachangamka leo. Uchangamfu gani, alikuwa anatafuta pa kupumzika! Wiki ile ile akasukuma kifuniko, nikamkuta asubuhi amejikunja ndani ya kiatu changu, na kusema kweli kiatu ndo kilikuwa na ubaridi mzuri.

Wapo watakaosema lakini nyoka mdogo akiwekwa kwenye tangi kubwa anaogopa, anagoma kula. Kweli anaogopa, ila anachoogopa ni uwazi, sio ukubwa. Mjazie maficho, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, katikati weka matawi, magome, majani ya plastiki, mpaka aweze kuvuka toka huku kwenda kule bila kuonekana, utaona anakula vizuri tu. Ila kagua mianya, maana kichwa kikipita mwili wote unapita, na hita ya kumpashia joto iwe na thamostati, kile kifaa kinachozuia joto lisizidi. Mi ningeanza upya ningenunua tangi la nyoka aliyekomaa mapema, sm 120 kwa 60 na kimo 60, kuliko kununua viboksi vitatu vinavyopishana kama viatu vya shule. Na ile hoja ya kwamba si anakaa tu amejikunja, wewe unamuangalia mchana! Njoo magharibi taa zikizimwa, anapanda, anajinyoosha wote, anazunguka.

Siku ya kumhamisha asiwe ametoka kula, mpe siku mbili asije akatapika, na kama macho yamefanya ukungu wa bluu subiri ajivue gamba kwanza. Chukua maficho yake ya zamani na matandiko kidogo yenye harufu yake, halafu muache wiki nzima bila kumshikashika. Wangu aligomea mlo wa kwanza, nikahangaika bure, wa pili akala kama hakuna kilichotokea.

Lile kontena bado ninalo, siku hizi ndo la kumpimia uzito, na inabidi nimkunje mara mbili tatu ndo kifuniko kifunge.