Maadili gani hayo?

Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema GamerGate, ile kampeni ya mtandaoni ya wachezaji wa gemu za video ya 2014, ilianza kwa kudai maadili kwenye uandishi wa habari za gemu, matusi yakafuata baadaye. Sivyo, ndugu yangu. Ilianza Agosti, mwanamume mmoja alipoanika mtandaoni mambo ya faragha ya aliyekuwa mpenzi wake, Zoë Quinn, mtengenezaji wa gemu. Watu wakadai gemu yake kapewa sifa na mwandishi wa Kotaku, tovuti ya habari za gemu, kwa sababu ya mapenzi kati yao. Mwandishi huyo hakuwahi hata kuihakiki gemu yenyewe! Oktoba, Anita Sarkeesian, mkosoaji wa jinsi gemu zinavyowaonyesha wanawake, akafuta hotuba yake katika Chuo Kikuu cha Utah State: kulikuwa na tishio la mauaji, na polisi hawangezuia watu kuingia ukumbini na bunduki.

Kuhoji wahakiki wanaopewa gemu bure, sawa. Bahasha ya kumhonga mwandishi, hata sisi Kampala tunaijua.

Mimi nina mashine tano za gemu hapa Bombo, kaskazini mwa Kampala. Binti mmoja huwafunga wavulana mpira hadi wanagombania rimoti. Juzi kanionyesha simu: jumbe kumi na mbili za usiku mmoja, ya kwanza ikimwuliza alimpa nani nini ili ashinde. Amebadilisha laini. Bado anakuja, ila sasa hukaa mashine ya kona, mgongo ukutani.