Mombasa Haiishii Daraja la Mtwapa

Sensa ya 1999 ilihesabu watu 665,018 Mombasa. Ya 2009 ikapata 939,370. Hapo mji umekua kwa asilimia 41 katika miaka kumi, karibu asilimia 3.5 kwa mwaka. Fomula ya kipeo ni kama riba inayozaa riba: zidisha tena kwa 1.4125, na 2019 tungetarajia watu wapatao 1,327,000.

Sensa ya 2019 ilipata 1,208,333. Fomula imepita kwa watu karibu 119,000! Lakini mtu aliyeshika rula tu, akaongeza watu 274,352 walewale wa muongo uliotangulia, angekosea kwa watu 5,389 peke yake.

Kwa hiyo rula imeshinda, mji umetulia? Nakataa kabisa. Fomula ya kipeo ina sharti lake: kiwango cha ukuaji kisibadilike. Kiwango hicho hubebwa na wanaozaliwa, wanaokufa, wanaohamia na wanaohama, na kwetu hao wa mwisho ndio wanaosahaulika. Kodi ikipanda mjini, kijana aliyeoa juzi hutafuta chumba Mtwapa, na akishavuka lile daraja yuko Kaunti ya Kilifi. Mwingine hupita Likoni akapanga Ng'ombeni, Kwale. Alfajiri wote wawili wamo kwenye matatu kuja kazini, wanakunywa maji ya mji, na yule wa Ng'ombeni anapanga foleni ya feri. Sensa huwahesabu walikolala.

Kati ya 2009 na 2019 Mombasa ilikua kwa asilimia 29, Kilifi 31, Kwale 33. Sisemi ongezeko lote la majirani limetoka kwetu. Ni kaunti kubwa, zenye uzazi wao. Lakini kuchora mkunjo wa Mombasa peke yake ni kupima nusu ya jambo, hata hesabu iwe safi vipi.

Maji yenyewe hayajui mpaka. Tunayategemea Mzima iliyoko Taita Taveta, Baricho iliyoko Kilifi, Marere na Tiwi zilizoko Kwale. Mipango ya mabomba, shule na barabara ikikadiriwa kaunti kwa kaunti, Mtwapa itaendelea kuwa mtoto wa kambo wa pande mbili. Nataka Mombasa, Kilifi na Kwale zikae meza moja na kufanya makadirio ya pamoja, uzazi na uhamaji vikihesabiwa mbalimbali, na kiwango kipimwe upya kila sensa inapotoka. Walimu wa hesabu wa Pwani nao wawape wanafunzi takwimu hizihizi, waulizwe kwa nini fomula ilipita.