Kidole Gumba au Kompyuta: Nani Apime Uga wa Umeme Ubongoni?

Mwaka 1985, mjini Sheffield nchini Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili, yaani waya uliozungushwa mviringo, juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha ndani yake mkondo mkali wa muda mfupi mno, na misuli ya mkono wake ikashtuka bila waya wowote wa umeme kugusa ngozi ya kichwa. Kanuni iliyofanya kazi pale ni ile aliyoigundua mwanafizikia Michael Faraday mwaka 1831: mkondo unaobadilika huzaa uga wa sumaku unaobadilika, na huo nao huzaa uga wa umeme, yaani msukumo wa umeme ulioenea mahali, ambao ndio unaoamsha neva. Leo njia hiyo ya kuchochea ubongo kwa sumaku hutumika kutibu sonona, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu mashine ya kwanza kwa kazi hiyo mwaka 2008. Lililobaki kubishaniwa ni dozi: je, nguvu ya mashine ipangwe kwa kutazama kidole gumba cha mgonjwa, au kwa kuiga kwenye kompyuta uga wa umeme unaozaliwa ndani ya kichwa chake?

Njia ya kidole ni rahisi. Mtaalamu huweka koili juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, kisha hupunguza nguvu hatua kwa hatua hadi apate kiwango kidogo kabisa ambacho bado kinaushtua msuli walau mara 5 kati ya 10. Kiwango hicho huitwa kizingiti. Kwa sonona, mara nyingi matibabu hutolewa kwa asilimia 120 ya kizingiti, lakini koili ikiwa imesogezwa mbele, juu ya upande wa kushoto wa paji la uso. Hapo ndipo wapinzani wake wanapoishika. Kizingiti kimepimwa mahali pamoja, dozi inatolewa mahali pengine, na hakuna anayehakikisha kwamba umbali kutoka ngozi hadi ubongo ni uleule sehemu zote mbili. Uga wa koili hufifia haraka kadiri unavyoshuka, kiasi kwamba milimita chache tu hubadilisha hesabu.

Hesabu yenyewe, kwa makadirio ya haraka, haitishi. Tuseme uga wa sumaku unapanda hadi tesla 2 ndani ya mikrosekunde 100, yaani kasi ya tesla 20,000 kwa sekunde. Kwenye duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 4, uga wa umeme ni nusu ya kasi hiyo ikizidishwa kwa mita 0.04: volti 400 kwa mita, karibu kabisa na koili. Ukishuka hadi kwenye gamba la ubongo, unabaki na kama volti 100 kwa mita.

Fizikia nayo inawapa wanaoiga kwa kompyuta nafuu kubwa. Kwa masafa ya kilohezi 3 hivi, katika tishu yenye upitishaji umeme wa siemensi 0.3 kwa mita, uga ungehitaji kupenya takriban mita 17 ndipo tishu yenyewe, mbali na kule kufifia kwa umbali kutoka kwenye koili, iufifishe kwa theluthi mbili hivi, ilhali kichwa kizima kina upana usiozidi sentimita 20. Mikondo inayozaliwa ubongoni, basi, ni dhaifu mno kuuvuruga uga wa koili iliyoizaa, na hakuna haja ya kufuatilia mawimbi kwa milinganyo yote ya Maxwell, ile inayoeleza umeme na sumaku kwa pamoja. Inatosha kukokotoa umbo la uga mara moja, kwa mkondo unaopanda ampea 1 kwa mikrosekunde, kisha kulizidisha kwa kasi halisi ya mkondo wa mashine kila nukta ya wakati.

Ugumu unaanzia kwenye chaji. Uga unaotoka moja kwa moja kwenye koili haujali tishu, lakini mkondo unapofika mpakani mwa tishu mbili, chaji hurundikana pale na kuzaa uga wa pili unaoubadilisha ule wa kwanza. Ukikichukulia kichwa kuwa tufe, chaji hizo hufuta kabisa sehemu ya uga inayoelekea katikati, vyovyote utakavyoigeuza koili. Hesabu ni safi, ila ubongo wenye mikunjo si tufe. Katika programu nyingi ugiligili unaozunguka ubongo hupewa upitishaji wa siemensi 1.654 kwa mita, na tishu ya kijivu ya ubongo wenyewe 0.275. Kwa kuwa mkondo unaovuka mpaka lazima uwe sawa pande zote mbili, uga unaokatiza mpaka huo huruka karibu mara sita kwa ghafla. Kwa hiyo kichwa hukatwakatwa, kutoka kwenye picha za MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku), kuwa mamilioni ya vipande vidogo vyenye nyuso nne, na mpaka uliochorwa vibaya hulipotosha jibu mahali hasa tunapolihitaji.

Watetezi wa kidole wana hoja nzito kuliko wanavyopewa haki. Namba kama 0.275 ni za wastani, si za mgonjwa aliyelala kitini, na upitishaji wa fuvu hutofautiana kati ya watu. Muhimu zaidi, kompyuta inatoa volti kwa mita, haisemi kama neva itaitika. Usingizi, dawa na wasiwasi hubadilisha wepesi wa neva kuamka, na kidole huvipima vyote kwa pamoja bila kuuliza. Ramani yenye rangi nyekundu na buluu inaweza kumdanganya mtu kwamba jambo limekwisha kujulikana.

Kwa maoni yangu, uigaji unaaminika zaidi unapolinganisha sehemu mbili za kichwa kimoja, kwa sababu sehemu kubwa ya makosa ya upitishaji hujitokeza pande zote mbili na kupunguzana. Tuchukue mfano wa kubuni: kizingiti cha mtu ni asilimia 60 ya nguvu ya mashine, na kwa nguvu hiyo kompyuta inaonyesha volti 100 kwa mita kwenye sehemu ya mkono lakini 70 tu mbele, kwenye shabaha ya matibabu. Kanuni ya asilimia 120 ingempa nguvu ya 72, na shabaha ingepata volti 84, chini ya kile kilichokiamsha kidole. Ili kusawazisha tu, mashine ingepaswa kufika karibu 86. Ukiongeza ile asilimia 20 juu yake unapata 103, na mashine inaishia 100. Hata ingefika, bado ingekuwa dhana tu kwamba neva za mbele huamka kwa uga uleule unaoamsha za mkono, na mbele hakuna kidole cha kutujibu.