Miaka mitatu na nusu ya Steffi Graf bila taji

Kila mjadala unapozuka kuhusu watoto wanaoingizwa mapema kwenye tenisi ya kulipwa, jina la Steffi Graf, bingwa wa zamani kutoka Ujerumani, hutajwa, na hutajwa na pande zote mbili. Upande mmoja husema alianza akiwa na miaka 13 na bado akabeba mataji 22 ya mmoja mmoja ya Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa ya tenisi, kwa hiyo umri si hoja. Upande wa pili humkumbuka Peter Graf, baba mtu, aliyemkatia binti yake mpini wa raketi ya mbao ili uenee mikono ya mtoto wa miaka mitatu, na husema pale hapakuwa na malezi, palikuwa na mradi.

Mimi naona wote wanaruka kipande cha katikati. Kuanzia Oktoba 1982, alipocheza mechi yake ya kwanza ya kulipwa, hadi Aprili 1986, Graf hakushinda hata shindano moja la ziara ya wanawake. Hiyo ni miaka mitatu na nusu. Dhahabu ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 aliipata akiwa na miaka 15, lakini tenisi pale ilikuwa ya maonyesho tu, kwa wachezaji wasiozidi miaka 20. Kwingine kote alikuwa anapanda ngazi polepole: nafasi ya 124 duniani alipoanza, ya 98 mwishoni mwa 1983, ya 22 mwaka uliofuata, ya 6 mwaka 1985.

Mechi hiyo ya kwanza, kule Filderstadt, Ujerumani, alifungwa na Mmarekani Tracy Austin 6-4, 6-0. Inasimuliwa kwamba Austin aliwaambia waandishi kuwa Marekani wako mamia kama yule mtoto. Ukiitazama leo mechi ile inauma. Austin mwenyewe alikuwa na miaka 19 tu, tayari bingwa mara mbili wa Mashindano ya Wazi ya Marekani, na mgongo ulikuwa umeshaanza kumsumbua. Kabla hajatimiza miaka 22 alikuwa nje ya ushindani. Mwenzake Andrea Jaeger alishika nafasi ya pili duniani akiwa na miaka 16, na bega likamwishia kabla ya miaka 20. Hao ndio waliokuwa mbele ya macho ya Peter Graf alipokuwa anapanga kalenda ya binti yake.

Na aliipanga kwa ubahili. Mwaka 1985, kabla ya Mashindano ya Wazi ya Marekani, Graf alikuwa amecheza mashindano 10. Gabriela Sabatini wa Argentina, aliyezaliwa miezi 11 baada yake, alikuwa amecheza 21. Tofauti hiyo huwa nairudia kila mara, kwa sababu wakati ule aliyeonekana kuwa na haraka ya maana ni Sabatini. Alifika nusu fainali ya Roland Garros, yaani Mashindano ya Wazi ya Ufaransa, akiwa na miaka 15, na Oktoba mwaka huohuo akashinda taji lake la kwanza huko Tokyo, miezi sita kabla ya Graf. Baba mwenye tamaa ya fedha na sifa tu angemwona jirani akivuna, naye angeongeza safari. Peter Graf hakuongeza. Kwenye Mashindano ya Wazi ya Marekani mwaka ule binti yake alimtoa Pam Shriver robo fainali, 7-6, 6-7, 7-6, mechi ambayo mguu uliochoka usingeimaliza. Aprili iliyofuata, Hilton Head huko Marekani, alimfunga Chris Evert kwenye fainali, na baada ya hapo mlango haukufungwa tena. Juni 1987 alichukua Roland Garros mbele ya Martina Navratilova, na Agosti akawa namba moja. Sabatini alitundika raketi mwaka 1996 akiwa na miaka 26, na Grand Slam moja ya mmoja mmoja. Sidai kwamba ni kalenda peke yake iliyowatenganisha, maana hata Graf hakuepuka visu vya madaktari. Ila alikuwa bado uwanjani Roland Garros ya 1999, akiwa anakaribia miaka 30, na akaichukua.

Hoja ya upande wa pili ina uzito wake, na sitaki kuipita. Mtoto yule alikuwa na baba, kocha na msimamizi wa mikataba katika mtu mmoja. Akichoka amwambie nani? Mwaka 1997 Peter Graf alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na miezi tisa kwa kukwepa kodi ya mapato ya binti yake. Mkono uleule uliopunguza safari ndio uliokuwa unashika hesabu za fedha.

Hata hivyo, tazama kilichofanywa na chama cha wachezaji wa kike baadaye. Mmarekani Jennifer Capriati aliingia kwenye tenisi ya kulipwa Machi 1990 kabla ya kutimiza miaka 14, na msimu wa 1994 karibu wote hakuonekana uwanjani. Mwaka 1995 ikaanza kutumika kanuni ya umri: chini ya miaka 14 hakuna tenisi ya kulipwa, na kuanzia hapo idadi ya mashindano inaongezwa mwaka hadi mwaka mpaka mchezaji afikishe 18. Kwa kanuni hiyo, Graf wa Filderstadt asingeruhusiwa kuingia uwanjani, na hilo naliunga mkono. Lakini kalenda ambayo chama kiliamua kuwawekea mabinti wote ilifanana sana na ile ambayo Peter Graf alikuwa ameshaiandika nyumbani kwake Brühl, Ujerumani, miaka kumi kabla, wakati hakuna aliyemlazimisha.