Mfuko wa kaki wenye jani la kijani

Kwenye duka la dawa za mifugo, vyakula vikavu vya mbwa sasa vinakuja kwa sura mbili. Kuna mfuko unaong'aa, na kuna wa kaki uliochorwa jani na maneno "rafiki wa mazingira". Mnunuzi mwenye nia njema hunyoosha mkono kwenye kaki. Mimi nasita.

Ule unaong'aa una kesi ya kujibu. Ni tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja: plastiki ya kuchapia juu, wakati mwingine karatasi ya alumini katikati, kisha plastiki nyingine ndani. Kuzitenganisha ni kazi ngumu, na ndiyo maana waokota taka, ambao chupa ya maji hawaiachi, mfuko huu wanauruka. Safari yake inaishia mtaroni au dampo la Pugu, Dar es Salaam. Sheria nayo haiugusi: katazo la plastiki la Juni 2019 lililenga mifuko ya kubebea, vifungashio vya viwandani vikaachwa.

Lakini tabaka hizo hazikuwekwa kwa urembo. Punje za chakula hupakwa mafuta mwishoni ili mbwa avutiwe. Mafuta hayo yakikutana na hewa huharibika, na unyevu ukiingia, kuvu huota. Dar es Salaam unyevu hauhitaji kualikwa. Sumukuvu tunaijua: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mbwa ini lake haliivumilii hata kidogo. Tena nyama, samaki na mahindi yaliyomo ndani yamekula ardhi, maji na mafuta mengi kuliko mfuko wenyewe. Kifungashio "kijani" kinachoozesha chakula kimeharibu zaidi ya kilichookoa.

Je, kaki? Karatasi tupu haizuii mafuta, kwa hiyo ndani mara nyingi kuna utando wa plastiki, au karatasi imetiwa kemikali ya kuzuia mafuta. Baadhi ya kemikali hizo, za jamii ya PFAS, hazivunjiki kirahisi. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba haziuzwi tena huko kwa ajili ya vifungashio vya chakula. Ipo pia plastiki "inayooza", ila aina nyingi zinahitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 50 na kitu kwa wiki kadhaa. Ukiitupa Pugu, ni plastiki tu. Tumeshapita njia hii: "mifuko mbadala" tuliyoipokea kwa shangwe mwaka ule wa katazo, mingi ni polipropilini, yaani plastiki vilevile.

(Wenye paka msicheke. Vile vipakiti vya mchuzi ni ndugu wa damu wa viroba vya pombe vilivyopigwa marufuku Machi 2017. Kopo ni zito, lakini wa vyuma chakavu analinunua.)

Kwa mwenye mbwa watatu au wanne wa ulinzi, nasimama na kiroba cha polipropilini cha kilo 20 chenye mfuko wa plastiki ndani. Ni plastiki, sikatai. Ila kikiisha hakitupwi: kitabeba mkaa, mchanga, mahindi, mpaka kichakae. Mwenye kijibwa kimoja cha sebuleni hoja hii haimfai, kwani kiroba kitakaa miezi na chakula kitaharibika kabla hakijafika nusu. Huyo anunue mfuko mdogo unaofunga vizuri, hata kama unang'aa, na autumbukize mzima mzima kwenye ndoo yenye kifuniko. Kupimiwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi kunapunguza taka kweli, lakini tarehe ya kuisha inabaki dukani, na unyevu umeshaingia.

Ule wa kaki nitauacha rafuni mpaka mwenye kiwanda aandike mgongoni ndani yake kuna nini, na ukiisha niupeleke wapi hapa Dar.